Tangi la Punje Nyeusi

Mzee Gidamis hakuamini karatasi za maabara. Aliamini ng'ombe. Kila Alhamisi asubuhi alimleta ng'ombe wake mwekundu mpaka kwenye dimbwi la mwisho wa mfereji wa kiwanda cha ngozi, akasimama nyuma yake na fimbo mabegani, akasubiri. Ng'ombe akinywa, mfereji unabaki wazi. Akikataa, mfereji unafukiwa siku hiyo hiyo. Ndivyo yeye na kiwanda walivyokubaliana, na walikubaliana mbele ya watu.

Mfereji huo ulikata katikati ya shamba lake, na hapakuwa na njia nyingine. Kiwanda kiko Singe, upande wa juu. Chini yake ni shamba la Gidamis, na chini ya shamba ni korongo. Pande nyingine zote ni nyumba za watu. Mfereji ukifungwa, maji ya kuoshea ngozi hayana pa kwenda. Na kiwanda cha ngozi kisichoweza kumwaga maji si kiwanda tena, ni banda lenye harufu.

Aliyekwenda kuomba njia hiyo hakuwa mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda ni Edda, Mama Praygod, mjane aliyekuja Babati na mumewe kutoka Moshi, na mume alipokufa akabaki. Edda alikwenda mwenyewe mwanzoni, akaambiwa mzee amelala. Akarudi siku nyingine mchana kweupe, mzee bado amelala. Basi akamtuma Silas.

Silas alikuwa mtu wa tangi, lile la kusafishia maji ya kiwanda. Kabla ya hapo alizunguka miaka mingi akinunua ngozi mbichi kwa wafugaji wa Kibarbaig, watu wa kabila la Gidamis, Katesh mpaka Basotu, na Gidamis alimjua tangu enzi hizo, kabla Gidamis hajaacha kuhamahama na kushika jembe. Waliketi nje ya boma. Silas hakuzungusha maneno.

"Mzee, maji yetu yana asidi. Zamani tulikuwa tunayamwaga hivyo hivyo, majani yakakauka, unakumbuka. Sasa kuna mtaalamu ametupa tangi linalokula asidi. Nakuomba njia."

"Ninyi Wapare," Gidamis akasema, "hata maji machafu mnataka kuyafanyia biashara."

"Haya siuzi, mzee. Nayatoa bure."

"Ndiyo maana nayaogopa. Mpare akitoa kitu bure, kimbia."

Walicheka. Kisha Gidamis akaacha kucheka. "Mimi Mama Praygod simjui. Huyo mtaalamu wa tangi simjui. Ndugu zangu wakiuliza, nitawaambia Silas amesema. Umesikia? Ng'ombe wakidhurika, nitakujua wewe."

"Nimesikia, mzee."

Hivyo ndivyo mfereji ulivyochimbwa, na hivyo ndivyo kiwanda kilivyobaki wazi. Kwa Silas hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, aliishia darasa la tano, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa chumvi na asidi hata watu wakasita kumpa mkono kanisani. Biashara ya ngozi mbichi ilipokufa alibeba magunia ya mahindi pale stendi mpaka mgongo ukakataa. Edda ndiye aliyemchukua. Kiwanda kikifungwa, hakuna mtu Babati nzima atakayempa kazi Silas, na yeye alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote.

Tangi lilijengwa na Twalha, mtaalamu wa kemia kutoka chuo kimoja cha Arusha. Kijana mpole, mwenye miwani, anayeongea na mashine kama anavyoongea na watu. Lilikuwa tangi la chuma lenye kimo cha mtu, limejazwa punje nyeusi za udongo wa kuchoma, kila punje kama harage. Ule weusi wa nje ndio ulikuwa mali. Twalha aliuita oksidi ya manganizi, umechanganywa na oksidi ya chuma, ukachomwa kwenye tanuri mpaka ukashika. Maji ya kiwanda yalipashwa moto kidogo, yakatiwa dawa ambayo wafanyakazi waliiita dawa ya povu, yakapita katikati ya punje, yakatoka chini.

Siku ya kwanza Twalha alichukua chupa mbili za maji kutoka kwenye mapipa. Zote akazitia dawa ya povu. Moja akaitia punje. Ile yenye punje ikaanza kutoa mapovu madogo, taratibu, kama soda iliyofunguliwa. Nyingine ikakaa kimya.

"Kuna asidi mbili humu," akamwambia Silas. "Moja ni fomiki, mnayolainishia ngozi. Hiyo hata siafu anayo, ndiyo inayowasha akikuuma. Nyingine ni oksaliki, huu unga wenu wa kutoa kutu. Ni asidi ndogo sana. Ukizipa oksijeni zinageuka maji na ile hewa unayoitoa puani. Basi. Shida yake hazina haraka. Ukiziacha zenyewe zitakaa wiki. Punje ndizo zinazozikimbiza."

"Na punje zenyewe zinaisha?"

"Haziishi. Kichocheo hakiliwi. Zinaweza kukaa miaka, mradi usiziharibu."

"Zinaharibiwa na nini?"

"Sabuni. Mafuta. Usitie sabuni humo hata tone. Zikichafuka, zisuuze kwa maji matupu."

Silas aliyashika hayo kama Amri Kumi. Hakuwa mtu wa vitabu, lakini akiambiwa kitu kimoja kinachoeleweka hakisahau. Josephine, aliyekuwa akifanya kazi ya kukwangua ngozi, aliwahi kunawia mikono karibu na tangi akiwa na kipande cha sabuni, Silas akamkimbilia kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi.

"Baba Goodness, utanipiga kwa ajili ya sabuni?"

"Nitakupiga. Nenda kanawe kule."

"Hilo tangi ungelioa tu, tujue moja."

Kabla ya tangi walijaribu chokaa. Shimo lilijaa tope jeupe, na asidi ya siafu ikapita vile vile, ng'ombe wakageuza vichwa. Tangi lilipoanza kufanya kazi, ng'ombe mwekundu wa Gidamis alinusa, akanywa, akapiga mkia. Gidamis alimtazama Silas, akaondoka. Kwa mzee yule hiyo ilikuwa hotuba. Kuanzia hapo wakawa wanapeana salamu za kila Alhamisi, shikamoo na marahaba, na habari za watoto, na matusi ya utani. Ndugu zake Gidamis nao wakaanza kuleta mifugo yao dimbwini, maana kiangazi hakina adabu, na mtu ambaye maji yapo karibu haendi ziwani kwa miguu.

Kisha ikaja habari ya Mwenge wa Uhuru.

Kila mtu anajua Mwenge ukikaribia mambo yanakuwaje. Barabara inafagiwa hata pale ambapo haijawahi kufagiwa. Majani yanakatwa. Mawe yanapangwa kando ya njia na kupakwa chokaa, miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni, na kama kuna mbwa mweupe anaonekana amejiandaa. Edda aliambiwa msafara utasimama kiwandani kwake kuangalia mradi wa kusafisha maji. Alirudi kutoka mjini akiwa amebeba ndoo za rangi kwenye bodaboda, moja mbele ya dereva na moja nyuma, na uso wake ulikuwa umechanua kuliko siku zote tangu mume alipofariki.

"Wakiona, watatutangaza," alisema. "Tukitangazwa, hatutaishi tena kwa hisani ya mzee na ng'ombe wake. Tutapata njia yetu ya maji, ya bomba. Mnanielewa? Kila kitu king'ae."

Silas alielewa sana. Alipaka tangi rangi ya bluu. Alipaka ngazi yake nyeupe. Edda akapanda ngazi hiyo kujaribu mahali wageni watakaposimama, akafungua mfuniko, akachungulia, akafumba pua.

"Baba Goodness. Hiki ndicho watakachokichungulia?"

"Ni nyeusi tangu kuzaliwa, mama."

"Nyeusi sijakataa. Huu utelezi? Huu uvundo? Mgeni mkubwa aingize uso wake humu?"

Kweli punje zilikuwa zimeota utelezi. Mafuta kidogo ya ngozi hupita tu, hata ukichuja vipi, na mafuta hayo yalikuwa yamekusanyika na vumbi la kiangazi. Silas alizitoa kwa koleo, akazimwaga kwenye turubai, akazisuuza kwa maji matupu kama alivyoambiwa. Akasuuza tena. Utelezi ulibaki, na uvundo ulibaki.

Hakumpigia Twalha. Mtu hapigi simu Arusha kuuliza jinsi ya kuosha vijiwe.

Josephine alikuja akasimama na mikono kiunoni. "Unahangaika nini? Tia unga wa kutu."

Pale kiwandani unga wa kutu ndio ulikuwa jibu la kila kitu. Ngozi ikigusa chuma ikapata doa jeusi, unga wa kutu. Ndoo ikiingia kutu, unga wa kutu. Kucha zikiwa za kahawia Jumamosi na kesho yake ni ibada, unga wa kutu kidogo kwenye maji ya moto. Josephine aliwahi kutolea doa gauni la harusi la wifi yake, na alilihadithia jambo hilo mara nyingi kuliko harusi yenyewe.

"Twalha alikataza," Silas akasema.

"Alikataza unga wa kutu?"

Silas akafikiri. "Alikataza sabuni."

"Huu ni sabuni?"

"Si sabuni."

"Na si ulisema wewe mwenyewe kwamba hizo punje kazi yake ni kula unga wa kutu? Kila siku si zinaula humo ndani?"

Silas akaona Josephine amesema kweli. Chakula hakimdhuru mwenye kukila. Aliligeuza jambo hilo kichwani akaona halina tundu. Akachemsha maji kwenye nusu pipa, akatia unga kwa koleo, kwa ukarimu, kwa sababu wageni ni wakubwa, kisha akamimina punje.

Zikachemka. Povu lilipanda mpaka mdomoni mwa pipa na sauti yake ikawa kama mvua kwenye bati kwa mbali.

"Yesu!" Josephine akaruka nyuma. "Zina uhai!"

"Zinakula," Silas akacheka. Alikuwa amefurahi kweli. "Leo ni Krismasi yao."

Maji yakawa ya kahawia, kisha kama chai ya rangi. Silas alikoroga kwa mti. Kila alipokoroga, weusi ulipungua, na alipotoa punje mwishoni zilikuwa na rangi ya tofali jipya, safi, hazina utelezi wala harufu. Josephine alichukua konzi moja akazichezesha kiganjani.

"Kumbe ni nzuri hivi. Zilikuwa zimevaa uchafu miaka yote."

"Twalha alisema nyeusi," Silas akasema, na kicheko kilikuwa kimemtoka kidogo.

"Nyeusi ya uchafu, Baba Goodness. Umewahi kuona kitu kimeoshwa kikabaki na rangi ile ile?"

Edda alikuja, akaona, akapiga makofi. Punje zikarudishwa tangini. Yale maji ya pipa wakayamwaga kwenye mapipa ya maji machafu pamoja na mengine, yapite tangini kama kawaida.

Msafara ulifika Jumanne. Ulikuwa na vumbi, nyimbo na haraka. Kiongozi mmoja alipanda ngazi nyeupe, akachungulia, akauliza hivi ni nini. Edda akamweleza. Silas alisimama pembeni akiwa amevaa shati la kanisani, mikono kaificha mgongoni. Kiongozi akasema, "Safi sana. Usafi ni jambo la kwanza." Akashuka, wakapiga picha mbele ya tangi, magari yakaondoka kuelekea kwingine. Hakuna aliyezungumzia bomba. Edda alitaka kulizungumzia, lakini mlango wa gari ulikuwa umeshafungwa.

Wiki ile kulikuwa na ngozi nyingi zenye madoa, na unga wa kutu ulitumika kwa wingi. Maji yalipita tangini. Yalitoka chini meupe, maangavu, mazuri kuliko wakati wowote. Silas aliyatazama akaridhika. Maji yakiwa na asidi hayabadiliki rangi, na yeye alijua hivyo, lakini jicho linapenda kuamini kilicho safi.

Alhamisi Gidamis akaleta ng'ombe mwekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia mlikuwa na sherehe. Hata pilau hukuniletea."

"Hata mimi sikula, mzee. Walikula vumbi wakaondoka."

Ng'ombe alinusa maji. Akainua kichwa. Akanusa tena, akasimama, pua ikitetemeka. Korongo lilikuwa limekauka tangu mwezi uliopita, visima vya chini vilikuwa vinatoa tope, na tangu jana yake ng'ombe huyo hakuwa amekunywa vizuri. Akainamisha shingo akanywa. Alikunywa kwa muda mrefu.

"Amekunywa," Gidamis akasema.

"Amekunywa, mzee."

Gidamis akapiga mluzi, na ng'ombe wengine wakashuka kutoka kwenye kivuli cha migunga, wake na wa ndugu zake, wakajaza ukingo wa dimbwi. Katikati yao walikuwa mtamba mmoja na mama yake, mali ya Katarina, mjane wa marehemu mdogo wake Gidamis. Hakuwa na wengine.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini wakati Sarah, binti wa Gidamis, alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba anasema uje."

Silas alikwenda akikimbia. Mtamba wa Katarina alikuwa amelala, shingo imejipinda ubavuni kama mtu anayetafuta kitu nyuma yake, na nyama za miguu zilikuwa zinaruka chini ya ngozi. Ng'ombe mwekundu alikuwa bado amesimama lakini miguu ya nyuma ilikuwa inapishana. Wengine walikuwa wanatetemeka wakiwa wamesimama. Katarina alikuwa amekaa chini, kichwa cha mtamba mapajani, anakizuia kisigonge ardhi.

Bwana mifugo alifika kwa pikipiki, akawadunga sindano za kalisi, wale aliowawahi. "Wamekula nini?"

"Hawajala," Gidamis akasema. "Wamekunywa."

Silas akateremka dimbwini. Akachovya kidole, akakiweka ulimini. Maji yalikuwa machungu na makali kama limau lisilo na harufu. Alijua ladha hiyo. Kila aliyefanya kazi ya ngozi anaijua. Alibaki amechutama pale, kidole mdomoni kama mtoto, na alisikia kila kitu kilichokuwa kikiendelea nyuma yake.

Twalha alipokea simu mara ya kwanza. Silas alimweleza bila kuficha, pipa, unga, povu, rangi ya tofali.

"Upo?" Silas akauliza.

"Nipo. Uliziosha bila dawa ya povu?"

"Dawa ya povu ya nini? Nilikuwa naosha."

Twalha akavuta pumzi. "Umewahi kupokezana tofali kwenye ujenzi? Watu wamejipanga, huyu anampa yule?"

"Nimefanya sana."

"Punje ni mtu wa katikati. Asidi inataka oksijeni. Punje inaipa, halafu inageuka nyuma inapokea nyingine kutoka kwenye dawa ya povu. Ndiyo maana haiishi. Sasa wewe umemwondoa mtu wa nyuma, na mbele umeweka asidi nyingi. Punje imeendelea kutoa tofali. Zikaisha za kupokea, ikaanza kubomoa za nyumba yake yenyewe. Ule weusi ndio ulioondoka na povu. Na mabaki asidi ikayayeyusha. Kilichobaki tangini ni vigae."

"Uliniambia punje zinaila hiyo asidi."

"Zinaila."

"Basi ningejuaje?"

"Nilipaswa kukwambia," Twalha akasema.

"Hukuniambia na mimi sikukuuliza. Haifufui ng'ombe. Niambie zinatengenezwaje upya."

Zinatengenezwa kwa chumvi za manganizi ambazo zinaagizwa, na tanuri la chuo, na tanuri la chuo lilikuwa la mradi, na mradi ulikuwa umefungwa katikati ya mwaka. Twalha mwenyewe alikuwa amehamishiwa kufundisha. Angeandika maombi. Mwakani, labda. Alisema labda hiyo kwa upole sana, na Silas akaona afadhali angemtukana.

Hadi jua linazama walikufa wengi. Ng'ombe mwekundu alikufa. Mtamba wa Katarina alikufa, na mama yake akapona kwa sindano lakini hakuweza kuinuka. Bwana mifugo alisema figo zikishaharibika hakuna sindano, nyama isiliwe, mizoga ifukiwe.

Asubuhi Edda alivaa kitenge chake kizuri akaja mwenyewe bomani. Safari hii mzee hakuwa amelala. Alikuwa amekaa mlangoni, na ndugu zake wamesimama na majembe.

"Mzee wangu," Edda akaanza, "tumekosa. Tutasimamisha kazi. Maji tutayahifadhi kwenye mapipa mpaka tangi lipone. Nakuomba mfereji tu usiufukie, kwa sababu ukishafukiwa..."

"Nani huyu?" Gidamis akamuuliza Silas.

"Mama Praygod, mzee. Mwenye kiwanda."

"Nilisema simjui."

"Ulisema."

"Wewe nilisema nitakujua." Hakupandisha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha na moshi. "Hawa wote walinikataza. Huyu, na huyu, na yule. Nikawaambia Silas namfahamu, hasemi uongo. Ulisema uongo?"

"Hapana, mzee."

"Tangi lilikuwa linafanya kazi?"

"Lilikuwa linafanya."

"Nani amelivunja?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Silas akatafuta neno. Mwenge, wageni, utelezi, unga. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa na uzito wa kuwekwa mbele ya mtu yule. "Nililiosha," akasema.

Ndugu mmoja akacheka, kicheko kifupi kibaya. Gidamis hakucheka. Aliinuka, akatangulia, na wengine wakamfuata mpaka mdomo wa mfereji, pale unapotokea kwenye ua wa kiwanda. Silas alichukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mgunga. Gidamis akalishika mpini, akalitoa mkononi mwake bila nguvu, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kikombe.

"Acha. Hii si kazi yako."

Udongo wa kiangazi ulikuwa mgumu na kazi haikwenda haraka. Silas alisimama akaangalia mpaka mwisho. Edda alikuwa amesharudi. Kutoka ndani ya kiwanda alisikika akimwambia Josephine awaambie wengine waende nyumbani, na Josephine akauliza warudi lini.

Mchana, mfereji ukiwa umeshasawazishwa na ardhi, Sarah na Katarina walikuja na mkokoteni wa punda. Ng'ombe akifa kwa Mbarbaig, hata kwa ugonjwa, ngozi haifukiwi na mzoga. Inachunwa. Na ngozi za huku zote, tangu kiwanda kifunguliwe, zilikuja kwa Silas. Zilikuwa zimekunjwa bado mbichi, zimeloa, nzi wamezivaa. Ya juu ilikuwa nyekundu.

"Baba hajui kama tumekuja," Sarah akasema. "Mama mdogo anataka ya mtamba wake ifanywe laini. Anataka kuilalia."

Katarina alikuwa anaangalia pembeni. Hakuwa na Kiswahili kingi. Alisema neno moja kwa lugha yake, Sarah akalitafsiri. "Anasema wewe unajua kufanya laini."

Silas aliifunua ngozi ya mtamba. Ilikuwa nzuri, haina kovu wala tundu la kupe. Aliipapasa kwa upande wa nyama, akaikunja tena.

"Mwambie ngozi kama hii kuifanya laini inataka maji mengi," akasema. "Mapipa na mapipa. Na yakishatumika lazima yamwagwe."

Sarah akamwambia. Katarina akauliza kitu.

"Anasema, si uyamwage?"

"Wapi?" Silas akasema.

Sarah hakutafsiri hilo. Walisimama watatu pale getini, punda akitikisa masikio kufukuza nzi. Baadaye Silas akaenda stoo, akaleta chumvi iliyobaki kwenye gunia, akaanza kuzipaka ngozi upande wa nyama, moja baada ya nyingine, akisugua kwa kiganja mpaka kwenye kingo. Chumvi iliingia kwenye mipasuko ya mikono yake ikamchoma, na hakuacha. Chumvi inazuia ngozi isioze kwa muda. Mvua za kwanza zikija, unyevu utaingia na zitaoza tu.

"Zitakaa mpaka lini?" Sarah akauliza.

"Hazitakaa," Silas akasema, akachukua konzi nyingine.